Kususa uchaguzi: pima hivi kabla hujaamua

Vijana wananiuliza swali hilohilo, wengine hapa Mwanza kwenye soko la Mwaloni Kirumba tukipanga magunia ya dagaa, wengine kwenye daladala za Igoma: "Mayu (yaani mama), tupige kura ya nini? Si bora tususe tu?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nimekuwa wakala wa chama cha upinzani tangu 2010, mwaka ambao Ezekia Wenje alimwangusha Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, katika jimbo la Nyamagana, na Highness Kiwia akalichukua Ilemela. Wazee wa upande wa pili, wa chama tawala, wao wana jibu fupi: ukisusa, wenzio wala.

Mimi nasema kususa ni haki yako. Sheria yetu haimlazimishi mtu kupiga kura, na zipo nchi ambako kususa kumeleta mabadiliko. Lakini kunaleta mabadiliko pale tu kutokuwepo kwako kunapoonekana, na kunapomnyima mtu kitu anachokihitaji. Mambo hayo mawili unaweza kuyapima mapema, na usipoyapima utakuwa umebaki nyumbani tu kama alivyobaki jirani yako ambaye siasa hazimhusu. Kwenye daftari nyie wawili mnafanana.

Anza kwa kuuliza nani atawahesabu waliosusa

Swali hili ndilo ninaloliweka mbele ya yote. Anayesusa anasema, "Nitaondoka ili foleni iwe tupu, dunia ione." Sawa. Ataiona kupitia kwa nani? Idadi ya waliojitokeza inatangazwa na tume ileile inayotangaza mshindi. Kama huiamini ihesabu kura, huwezi kuiamini ihesabu foleni. Na chama kilichosusa hakina wakala ndani ya kituo, kwa hiyo hakuna mtu wake aliyeona karatasi ngapi ziliingia kwenye sanduku na ngapi zilibaki.

Tuliliona jambo hili 2025. CHADEMA ilishika msimamo kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi, mwezi Aprili ikakataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikaondolewa kwenye kinyang'anyiro. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa tayari ameshtakiwa kwa uhaini. Baada ya Oktoba 29, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba waliopiga kura ni karibu asilimia 87 ya walioandikishwa, na kwamba Samia Suluhu Hassan amepata zaidi ya asilimia 97. Waliobaki nyumbani hawana karatasi hata moja ya kuipinga namba hiyo ya asilimia 87, kwa sababu karatasi za kuipinga zingetoka mikononi mwa mawakala ambao hawakuwapo.

Linganisha na ng'ambo ya ziwa letu. Kenya, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Raila Odinga akajitoa kwenye marudio ya Oktoba 26, na katika kaunti nne za Nyanza, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, sehemu kubwa ya vituo haikupiga kura. Hapo hakukuwa na namba ya kubishania. Tume ya kule yenyewe ilitangaza kwamba waliojitokeza nchi nzima walikuwa chini ya asilimia 40, wakati Agosti walikuwa karibu asilimia 80. Kususa kule kulionekana kwa macho, tena kwa takwimu za serikali.

Kwa hiyo kabla hujamshawishi mtu yeyote asusie, andika kwenye daftari: katika kata yetu, nani atakuwepo kisheria kuona kituo kikifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni? Kuna asasi yenye kibali cha uangalizi? Kuna chama kingine kinachoshiriki ambacho wakala wake atakubali kutoa takwimu za kituo chake? Kama kurasa hizo zimebaki wazi, kususa kwenu hakutakuwa na shahidi.

Kisha uliza unamnyima nani, na unamnyima nini

Mwenye madaraka anahitaji vitu vingi, na kura yako huenda ikawa ya mwisho kwenye orodha yake. Anahitaji watumishi wafike ofisini, mizigo ipite barabarani, majirani wamtambue, wafadhili wasifunge mifuko. Kususa kulikofaulu kuligusa mojawapo ya hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni Bangladesh, kwa sababu nchi hiyohiyo inakuonyesha pande zote mbili. Februari 1996 wapinzani walisusa uchaguzi wa bunge. Walisusa huku migomo imeisimamisha nchi, na mpaka watumishi wa serikali wakawageuka wakubwa wao. Bunge lililopatikana halikudumu hata mwezi mmoja. Lilipitisha marekebisho ya katiba ya kuweka serikali ya mpito isiyo na upande, likavunjwa. Juni mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa, na waliokuwa wamesusa wakashinda. Sasa njoo 2014. Mara hii chama kilichokuwa madarakani 1996 ndicho kilichosusa. Viti 153 kati ya 300 vikapita bila kupingwa, serikali ikaendelea na kazi zake, na ilikuja kuondoka miaka 10 baadaye, Agosti 2024, kwa maandamano yaliyoanzishwa na wanafunzi. Mwaka 1996 watumishi waliwageuka wakubwa wao. Mwaka 2014, ingawa migomo ilikuwepo, hawakuwageuka. Tofauti iko hapo.

Karibu na nyumbani tuna Zanzibar. Uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, na marudio yakawekwa Machi 20, 2016. CUF, chama kikuu cha upinzani huko wakati huo, ikasusa. Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91. Shinikizo la nje lilikuwepo: siku chache baadaye shirika la Marekani la MCC lilisitisha mradi wake wa pili na Tanzania, uliokuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 470, na lilitaja Zanzibar kuwa sababu mojawapo. Fedha zikakosekana, serikali ikabaki. CUF ikakaa nje ya Baraza la Wawakilishi, ugomvi ukahamia ndani ya chama, na Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo. Mwaka 2020 alishiriki uchaguzi ambao naye aliulalamikia vikali, lakini kwa kushiriki huko chama chake kilipata nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, nafasi aliyoishika hadi alipofariki Februari 2021. Sisemi nafasi hiyo iliponya majeraha ya Wapemba. Nasema 2016 hawakuwa na hata hiyo.

Wakulima, wavuvi na wachuuzi tujipime kwa kipimo hichohicho. Tukisusa sisi watu wa mwaloni, nani atakosa usingizi? Kama jibu ni "hakuna", basi tatizo letu ni kubwa kuliko uchaguzi mmoja, na kazi ya kuanza nayo ni kujenga umoja ambao kukosekana kwake kungeumiza.

Usizipime chaguzi zote kwa kipimo kimoja

Hapa nataka ukae nami kidogo. Watu wanasema "tususe uchaguzi" kana kwamba uchaguzi ni mmoja. Urais ni jambo moja. Kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba, Tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama inayoweza kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mlango huo umefungwa na kufuli, na mtu anayesema "siingii humo mpaka mlifungue" ana hoja nzito, ninaiheshimu. Ubunge ni jambo la pili: matokeo yake unaweza kuyapeleka Mahakama Kuu. Mtaa ni jambo la tatu, tena tofauti kabisa.

Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, wengine eti hawakujaza fomu sawasawa, wengine eti hawajui kusoma na kuandika. Hasira ile ilikuwa ya haki. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Sasa fikiria mtaa una nini. Mwenyekiti wa mtaa ndiye mwenye muhuri. Ukitaka kitambulisho cha taifa, unapitia kwake. Ukitaka kumdhamini mwanao kituoni, barua inatoka kwake. Kikundi cha akina mama kikiomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, safari inaanzia kwenye ofisi yake.

Mtaani kwetu kabla ya 2019 tulikuwa na mjumbe mmoja wa upinzani kwenye kamati. Mmoja tu. Mkutano wa mtaa ukifika kwenye mapato na matumizi, alikuwa ananyoosha mkono na kuuliza, "Mwenyekiti, risiti ya kokoto ipo wapi?" Mwenyekiti anachakura bahasha, mtendaji anageuza kurasa, sisi tumekaa kwenye mabenchi tunangoja. Risiti mara nyingi ilipatikana. Ilipatikana kwa sababu walijua itaulizwa. Baada ya 2019 taarifa ilisomwa kwa dakika chache, tukapiga makofi, tukaondoka, hata pale fedha za mtaro zilipotajwa na mtaro wenyewe hatukuuona. Hakuna aliyezuiwa kuuliza. Hapakuwa na mtu ambaye kuuliza ilikuwa kazi yake.

Ndiyo maana mimi nawaambia vijana: kwenye urais pima, kwenye ubunge pima, lakini kwenye mtaa usisuse, isipokuwa kama jina la mgombea wenu limekatwa na hakuna mwingine wa kumuunga mkono. Na kama mgombea ni mmoja na kura ni ya ndiyo au hapana, kama ilivyokuwa mitaa mingi 2024, nenda ukaandike hapana yako. Hapana iliyo kwenye karatasi inahesabiwa mbele ya watu.

Kwenye uchaguzi mkuu unaweza pia kugawa. Tanzania Bara unapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Hakuna anayekulazimisha kuweka alama kwenye zote. Usiyoweka alama itaingia kwenye kura zilizokataliwa, na idadi ya kura zilizokataliwa inaandikwa kwenye fomu ya matokeo. Kwa aliyeudhika na urais lakini anamtaka diwani wake, njia hii inaacha alama. Kubaki nyumbani hakuiachi.

Ukiamua kususa, susa kwa mpango

Dai liwe moja au mawili, na liwe jambo ambalo mtu anaweza kulitekeleza kabla ya tarehe fulani. "Tunataka haki" si dai la kususia. "Wakurugenzi wa halmashauri wasiwe wasimamizi wa uchaguzi" ni dai. Lilifika hata mahakamani 2019, Mahakama Kuu ikalikubali, Mahakama ya Rufani ikalitengua. Dai la namna hiyo mtu wa kawaida pale stendi ya Nyegezi analielewa kwa sentensi moja, na likitekelezwa kila mtu ataona.

Hakikisheni mko wote. Mwaka 2025 upinzani haukuwa wote: kundi lililojiita G55 lilitoka CHADEMA likaenda CHAUMMA na kusimamisha mgombea, ACT-Wazalendo nayo ikaamua kushiriki, halafu mgombea wake wa urais, Luhaga Mpina, akaenguliwa. Sitaki kumnyooshea kidole aliyechagua njia yake. Lakini ukiona nusu ya wenzako wanaingia, jua kwamba mwenye mfumo atapata picha ya mashindano, na wewe utapata picha ya mtu aliyekasirika.

Hesabuni hasara kabla. Ruzuku ya chama inafuata kura na viti. Viti maalum vya wanawake vinafuata kura za wabunge. Mkisusa, miaka mitano hiyo nani analipa pango la ofisi ya wilaya? Ghana walilijibu swali hili vizuri. Desemba 1992 wapinzani walisusa uchaguzi wa bunge baada ya kulalamikia ule wa rais, na chama cha Rais Jerry Rawlings kikapata viti 189 kati ya 200. Hawakulala. Walikwenda Mahakama ya Juu kwa kesi moja baada ya nyingine, wakakaa na tume kwenye kamati ya vyama vyote, wakapigania masanduku yanayoonyesha ndani. Mwaka 1996 wakarudi bungeni, 2000 wakachukua nchi. Kususa kwao kulidumu uchaguzi mmoja tu, na siku iliyofuata kazi ilikuwa imeshapangwa.

Na jambo hili nalisema kwa moyo mzito. Kususa ni kukaa kwako mwenyewe. Usimzuie jirani kwenda kupiga kura, usimtishe, usimzomee mama wa watu akiwa na kitambulisho chake mkononi. Na usiwape vijana wadogo ahadi kwamba wakiingia barabarani siku ya kura hakuna litakalowapata. Oktoba 29, 2025 maandamano yalizuka Dar es Salaam, hapa Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingine, intaneti ikazimwa, watu wakauawa kwa risasi. Kuna nyumba katika jiji hili ambazo bado zina msiba. Anayeitisha watu lazima awe amefikiria namna ya kuwarudisha nyumbani.

Ukiamua kuingia, linda fomu

Turudi Kenya kidogo. Watu wanakumbuka kususa kwa Oktoba 2017 na kupeana mikono kwa Raila na Uhuru Kenyatta, Machi 9, 2018. Lakini kilichobadilisha uhesabuji wa kura kule kilikuja kabla ya kususa: ni kesi ya Agosti, pale fomu za matokeo ziliposomwa mbele ya majaji na kuonekana zina kasoro. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, tume iliweka fomu za vituo mtandaoni, kila mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Malawi ni vivyo hivyo. Fomu za 2019 zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe, mawakala walikuwa na nakala zao, mahakama ikafuta matokeo Februari 3, 2020, na Juni mgombea wa upinzani, Lazarus Chakwera, akashinda marudio. Fomu zile zilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu ndani ya chumba.

Kwa hiyo wakala, sikiliza. Hakikisha kiapo na barua yako ya utambulisho unavyo mkononi siku kadhaa kabla. 2020 malalamiko mengi yalikuwa ya mawakala waliobaki nje kwa kukosa karatasi. Kula kabla, beba maji, beba tochi na kalamu mbili. Sanduku lionyeshwe tupu kabla ya kufungwa. Andika kwenye daftari lako idadi ya karatasi zilizopokelewa kituoni, kwa sababu jioni utaihitaji.

Kura zikishahesabiwa, ifuate fomu ya matokeo ya ubunge. Msimamizi amechoka, askari amechoka, mwenzako wa chama kingine anataka kwenda nyumbani, na hapo ndipo makosa na hila huingia. Usisaini fomu ambayo sehemu za namba ziko wazi, hata ukiambiwa zitajazwa baadaye. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu: kura halali ongeza zilizokataliwa lazima zilingane na idadi ya waliopiga kura, hizo ukiongeza na karatasi ambazo hazikutumika na zilizoharibika, lazima upate idadi uliyoiandika asubuhi. Isipolingana, sema kwa sauti, kwa heshima, na andika pingamizi lako kabla ya kusaini. Dai nakala yako. Ikunje, iweke ndani ya nguo, usiiweke kwenye mkoba, na usiachane nayo mpaka umeikabidhi kwa mtu wa chama aliyetajwa kwa jina.

Kwenye uchaguzi wa mtaa kazi kubwa iko mapema zaidi, kwenye fomu ya mgombea. Ijazeni watu watatu mezani. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Jina la chama liandikwe kama lilivyo kwenye usajili. Rudisheni fomu kabla ya siku ya mwisho ili kosa likionekana muda uwepo, na mwombe anayeipokea agonge muhuri kwenye nakala yenu.

Jiandikishe hata kama utasusa

Asiyeandikishwa hawezi kususa, kwa sababu hakuna kura aliyoizuia. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni moja, orodha ya wapiga kura wa mtaa ni nyingine, na kadi ya Tume haikuingizi kwenye orodha ya mtaa. Mwaka 2024 orodha ya mtaa ilifunguliwa kuanzia Oktoba 11 hadi 20, na nilikutana na watu wengi waliodhani kadi yao inatosha. Uchaguzi ujao wa mitaa kwa kawaida utakuwa 2029, mwaka mmoja kabla ya ule mkuu. Tangazo likibandikwa kwenye ofisi ya mtaa, nenda siku ya kwanza, taja majina yako matatu, simama hapo mpaka uyaone yameandikwa sawasawa. Orodha ikibandikwa, rudi uisome, msomee na bibi yako jina lake.